Nyumba Hainunuliwi Gizani

Tuweke mfano, msomaji mpenzi, ambao watu wengi wa Bunia hawatauona mgeni. Mwalimu mmoja na mkewe wamekaa nyumba ya kupanga muda wa miaka kumi na mmoja. Mume amefundisha, mke ameuza samaki wa ziwa, akiwapokea kutoka Kasenyi na kuwapeleka sokoni. Kila mwezi wameweka akiba, mara kidogo, mara kidogo sana, hata siku moja walihesabu wakaona wana dola 6,500. Mke akasema: «Baba, sasa tutafute kwetu.»

Habari hutembea upesi kuliko miguu. Siku ya pili kijana mmoja, mwenye viatu vilivyong’aa na simu mbili mkononi, alibisha hodi.

— Papa Mwalimu, nasikia mnatafuta parseli. Ninayo moja. Nyumba ya matofali, mabati mapya, maji karibu. Mwenyewe yuko safarini. Mtoto wake mgonjwa, anahitaji fedha upesi.

— Karatasi ziko?

— Ziko zote, Papa. Lakini kuna mtu mwingine ameahidi kuleta nusu. Msipotoa kitu jioni hii, kesho mtaikuta imekwisha kwenda.

Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Walikwenda kuitazama nyumba kwa taa ya simu, wakaona ukuta ni mzuri, wakatoa dola 2,000. Kijana akaandika risiti katika karatasi iliyong’olewa daftarini, akatia sahihi, akaenda zake. Baada ya majuma matatu mke alifika pale pamoja na fundi, akamkuta mama mwingine akifagia ua. Mama yule naye alikuwa na risiti, ya mwandiko ule ule. Mwenye nyumba hakuwa safarini; alikuwa amepangisha tu, wala hakuwa na nia ya kuuza. Simu zile mbili hazikuitika tena.

Katika mfano huu kosa lilikuwa wapi? Wengine watasema: «Kosa ni kumtumia komisyonere.» La, sivyo. Kosa ni kwamba hawakumchagua komisyonere wao. Yeye ndiye aliyewachagua. Leo basi tutazame jambo hili kwa utulivu: mtu wa kati ni nani, wa kweli anajulikanaje, anastahili malipo gani, na kazi gani haifai kuachiwa mikononi mwake.

KOMISYONERE NI NANI?

Huku kwetu twamwita komisyonere, jina tulilolitoa katika Kifaransa. Ndugu zetu wa pwani na wa Tanganyika ya zamani humwita dalali, nalo ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya mtu anayeonyesha, anayeongoza njia. Maana hiyo ni nzuri, tena yafaa kukumbukwa. Kazi ya mtu huyu ni kuonyesha. Anamwonyesha mwenye kutafuta mahali penye nyumba, na mwenye kuuza mahali penye mnunuzi. Kiongozi wa njia si mwenye njia, na komisyonere si mwenye nyumba.

Kazi yenyewe si haramu wala si ya aibu. Bunia ya leo si ile ya wazee wetu, ambamo mtu alimjua kila jirani kwa jina la baba yake. Tangu mwaka 2015 mji huu ni makao makuu ya Provinsi ya Ituri, nao umevuta watumishi wa serikali, wafanya biashara, wanafunzi wa vyuo, na watu wengi waliokimbia vita kutoka vijiji vya Djugu, Irumu na kwingineko. Mtu aliyetoka Mahagi jana atajuaje ya kuwa huko Sukisa au Simbilyabo kuna mjane anayetaka kuuza parseli? Komisyonere mwema humwokolea siku nyingi za kutembea bure. Ajua bei za mitaa, ajua palipo na ugomvi wa mipaka, ajua bonde gani hujaa maji wakati wa masika. Mtu wa namna hii astahili ujira wake.

Ubaya wenyewe ni kwamba jina hili hujitwalia yeyote. Kijana asiye na kazi asubuhi aweza kuwa komisyonere jioni, kwa kuwa na simu tu. Ndiyo sababu twasema: chagua.

KWA NINI BUNIA YADAI UANGALIFU ZAIDI?

Kwanza, kwa sababu ya sheria yenyewe. Wengi wetu twasema «nimenunua ardhi», lakini nchini Kongo ardhi hainunuliwi kama mbuzi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, iliweka wazi ya kwamba ardhi ni mali ya Serikali pekee, haiuzwi wala haipotezi mwenyewe kwa kupita miaka. Raia hupewa haki ya kuitumia; naye akiwa Mkongo aweza kupewa haki isiyo na mwisho, irithiwayo na wanawe. Nyumba uliyoijenga juu yake ni mali yako, ila haki hiyo husimama imara kwa karatasi moja tu, iitwayo kwa Kifaransa certificat d’enregistrement, yaani cheti cha uandikishaji.

Utaratibu huu una historia ndefu. Mwaka 1858, huko Australia ya Kusini, mtu mmoja jina lake Robert Torrens alifaulu kupitisha sheria mpya: kila kiwanja kiwe na ukurasa wake katika kitabu cha serikali, na yule aliyeandikwa katika ukurasa huo ndiye mwenye haki. Dola Huru la Kongo liliuchukua utaratibu huo mwanzoni mwa utawala wake, wakati ule ule ambao amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza ardhi zote zilizoitwa «tupu» kuwa za dola. Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya mwaka 1966 ilirudisha ardhi mikononi mwa Serikali ya Kongo, ikafuatwa na ile ya 1973. Tawala zimepita, lakini kitabu kimebaki. Faida ya kitabu hiki kwa mnunuzi ni kubwa sana: hulazimiki kuamini ulimi wa mtu, waweza kwenda kuuliza kitabu.

Pili, kwa sababu parseli nyingi za mji, hasa za pembeni, hazijafika katika kitabu hicho. Utakuta mwenyewe ana karatasi ya mauzo iliyotiwa sahihi mbele ya mashahidi na shefu wa mtaa. Mwingine ana fishi ya parseli. Mwingine ana mkataba wa kukodi ardhi ya Serikali, ambao ni wa muda usiozidi miaka 3, nao huandaa njia ya kupata haki ya kudumu baada ya kujenga. Wengine hawana kitu ila neno la chifu aliyempa babu. Karatasi hizi zote si sawa. Mtu asiyejua tofauti huambiwa «karatasi ziko», naye huridhika. Karatasi ziko, ndiyo. Lakini ni zipi?

Tatu, kwa sababu ya vita. Tangu mwaka 1999 hata 2003 watu wa Ituri waliuana na kukimbiana, na mojawapo ya cheche zilizouwasha moto ule ilikuwa ugomvi wa mashamba huko Djugu. Mitaa mizima ya Bunia ilihama. Waliorudi, wengine walikuta nyumba zao zimekaliwa. Wengine walikuta zimeuzwa na mtu wasiyemjua. Wengine waliuza wenyewe kwa bei ya kutupa, kwa kuogopa. Mwisho wa mwaka 2017 machafuko yalianza upya katika Djugu, na maelfu wakaingia mjini tena. Kwa hiyo, nyuma ya nyumba nyingi za Bunia mna habari isiyoonekana ukutani. Mnunuzi asiyeuliza habari hiyo hununua ugomvi pamoja na matofali, na katika nchi yetu ugomvi wa kiwanja haukomi kati ya watu wawili. Waweza kuwa wa jamaa mbili, kisha wa mitaa miwili.

DALILI ZA KOMISYONERE WA KWELI

Usimtazame viatu vyake. Mtazame katika mambo haya.

Ana makao yanayojulikana. Mwulize akaa mtaa gani, na shefu wa mtaa wake ni nani. Kisha, bila kumwambia, nenda kaulize huko. Mtu mwema hachukii kuulizwa habari zake, na kuuliza si ujinga. Aonyeshe kadi yake ya uchaguzi au karatasi nyingine ya serikali, nawe uandike namba yake. Kama asema ana ofisi iliyoandikishwa, aonyeshe karatasi ya kuandikishwa. Simu si makao: simu huzimwa.

Ana watu aliowahudumia. Mwombe majina ya jamaa wawili au watatu aliowatafutia nyumba zamani kidogo, miaka miwili au mitatu iliyopita, wala si juma lililopita. Waendee. Waulize: mliingia kwa amani? Je, alitokea mtu baadaye kudai? Je, malipo yalikuwa yale mliyopatana? Nyumba ni kama chungu kipya; uzuri wake huonekana baada ya kukaa motoni.

Asema ametumwa na nani. Hili ndilo swali kubwa kupita yote: «Wewe umetumwa na mwenye nyumba mwenyewe, au na komisyonere mwenzako?» Mara nyingi habari ya parseli moja hupita mikononi mwa watu watatu au wanne, kila mmoja akiongeza bei yake na kupunguza ukweli. Wa mwisho, yule anayesimama mbele yako, hajawahi hata kumwona mwenye mali. Huyo hakudanganyi kwa makusudi pengine, hajui tu. Lakini fedha iliyopotea kwa kutojua haina njia nyepesi ya kurudi.

Akukutanisha na mwenye mali. Komisyonere asiyetaka muuzaji na mnunuzi waonane ana kitu anachokificha. Mara nyingi ni bei: muuzaji ametaja dola 5,000, naye amekutajia wewe 6,500, ili tofauti ibaki mfukoni mwake juu ya ujira. Wakati mwingine anachokificha ni kibaya zaidi, yaani kwamba mwenye mali hayupo kabisa.

Akutajia na ubaya wa nyumba. Muulize waziwazi: «Ubaya wa parseli hii ni nini?» Hakuna parseli isiyo na ubaya. Moja iko bondeni, nyingine haina njia ya gari, nyingine jirani amesogeza ua. Akijibu «haina ubaya wo wote», ujue hajui kazi au hapendi ujue. Lakini akikuambia: «Papa, nyumba ni nzuri, ila huku nyuma maji hupita mvua ikinyesha, nenda ukaone mwenyewe,» huyo mshike mkono.

Hakuharakishi. Haraka haraka haina baraka. «Kuna mtu mwingine», «mwisho ni jioni hii», «mwenyewe asafiri alfajiri»: maneno hayo matatu yamemaliza akiba za watu wengi. Mwenye mali halali aweza kungoja siku tatu uende ofisini. Asiyeweza kungoja siku tatu, mwache aende. Kukosa nyumba nzuri kwauma juma moja. Kununua nyumba ya mtu mwingine kwauma maisha yote.

MALIPO YAKE

Juu ya malipo, watu hugombana kwa sababu walinyamaza mwanzoni. Patana kabla ya kwenda kuona nyumba, tena kwa maandishi. Andikeni mambo manne: ni fungu gani la bei atakalopewa, ni nani atakayelilipa, muuzaji au mnunuzi, au wote wawili nusu kwa nusu, atalipwa siku gani, na kama mauzo yakivunjika, itakuwaje.

Tufanye hesabu ya mfano. Kama mmepatana asilimia 5, na nyumba imeuzwa kwa dola 8,000, ujira wake ni dola 400. Ikiwa pande zote mbili zimekubali kugawana, kila upande watoa 200. Sasa tazama: kama komisyonere alimwahidi muuzaji kuchukua asilimia 5 kwake, na kwako pia asilimia 5, bila kumwambia hata mmoja, ameondoka na 800. Hilo si kosa endapo wote wawili walijua na kukubali. Likifanyika kwa siri, ni udanganyifu.

Wapo wanaodai fedha ya kutembelea, yaani malipo kila mara wakupelekapo kuona kiwanja. Kumlipia pikipiki ni haki. Lakini ukiona kwamba umeonyeshwa nyumba saba ambazo hakuna hata moja inayouzwa kweli, ujue mtu huyo hauzi nyumba, auza matembezi.

Ujira mkubwa ulipwe mwisho, baada ya muuzaji na mnunuzi kutia sahihi mbele ya wakubwa na karatasi kupokelewa. Na bei ya nyumba, hata senti moja, usiiweke mkononi mwa komisyonere. Bei hupewa mwenye mali mbele ya mashahidi, au hupitishwa benki. Hapa hapana neno «kwa kuwa namwamini». Umwamini kwa njia, usimwamini kwa mfuko.

KAZI USIYOMWACHIA

Hata ukimpata komisyonere mwema kupita wote wa Bunia, zipo safari ambazo sharti uende kwa miguu yako mwenyewe.

Safari ya kwanza ni kwa majirani. Nenda mchana, nenda tena siku nyingine, peke yako au pamoja na mkeo. Wasalimu majirani wa pande zote nne. Uliza: hapa ni kwa nani? Amekaa tangu lini? Kabla ya vita palikuwa pa nani? Mzee anayekaa kando ya ua ajua mengi kuliko karatasi kumi.

Safari ya pili ni kwa shefu wa mtaa. Yeye huwa na habari za mauzo yaliyopita, naye atakuwa shahidi wako. Lakini angalia: sahihi ya shefu yashuhudia kwamba mlipatana mbele yake, haikupi cheti cha Serikali. Wala usimlipe kitu kisicho na risiti.

Safari ya tatu ni kwa Konservatere wa vyeti vya ardhi na kwa watu wa kadasta. Chukua namba ya parseli. Kama muuzaji ana cheti cha uandikishaji, kina namba ya kitabu na ya ukurasa. Omba kitazamwe katika kitabu chenyewe. Ulizia mambo matatu: jina lililoandikwa ni la huyu anayeuza? Parseli imewekwa rehani kwa deni? Je, kuna mtu aliyeweka pingamizi? Kisha omba mpimaji wa kadasta aje apime na kuonyesha mawe ya mipaka. Parseli ya mita 20 kwa 30 katika karatasi imewahi kuonekana kuwa ya mita 15 kwa 30 juu ya ardhi. Ushuru wa Serikali nao haulipwi mkononi mwa mtu: hulipwa kwa karatasi yake ya ushuru, nawe hurudi na risiti.

Na usidhani kazi imekwisha ukishapewa funguo. Kama palikuwa na cheti, sharti jina libadilishwe: cha zamani kifutwe, kipya kitoke kwa jina lako. Wako watu waliokaa miaka ishirini katika nyumba waliyoilipia kwa haki, na katika kitabu bado imeandikwa jina la marehemu aliyewauzia. Siku wajukuu wa marehemu watakapokuja na cheti, kilio kitakuwa kikubwa. Kumbuka tena: sheria ya 1973 huipa haki iliyoandikwa katika cheti nguvu isiyotikisika baada ya miaka 2. Sheria hiyo humlinda mwenye kuandikisha, anayelala haimwamshi. Na kwa kuwa sheria za ardhi hutengenezwa upya mara kwa mara, uliza ofisini ni taratibu gani zinazofuatwa siku unayokwenda.

KWA MWENYE KUUZA

Muuzaji naye ana hatari zake. Wewe unayeuza, mpe komisyonere karatasi ya kumtuma: jina lako, parseli gani, bei ya chini usiyoikubali kushuka, ujira wake, na mwisho wa ruhusa yake, mathalani miezi 3. Umpe nakala za cheti, lakini cheti chenyewe kisitoke nyumbani. Cheti kilichotembea mjini muda wa juma moja chaweza kurudi na ndugu zake wa bandia.

Watu wengine huwapa kazi makomisyonere kumi kwa pamoja, wakidhani nyumba itauzwa upesi. Mara nyingi hutokea kinyume. Kila mmoja hutaja bei yake, mji mzima hujua kwamba nyumba inatangatanga, na wanunuzi husema: «Ina nini hata haiuzwi?» Afadhali mmoja au wawili unaowajua.

Tena, angalia kama waweza kuuza. Nyumba ya mume na mke haiuzwi na mmoja: sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, yadai mapatano ya wote wawili. Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa siri, wala na baba mdogo aliyefika msibani na begi. Warithi wote, hata mabinti, hata walioko Kisangani au Kampala, sharti wajue na wakubali, na awepo msimamizi wa mirathi aliyewekwa kwa haki. Mjane naye analindwa na sheria asifukuzwe katika nyumba aliyokaa na mumewe. Komisyonere mwema humwuliza muuzaji: «Mama yuko wapi? Watoto wanasemaje?» Mbaya husema: «Upesi, kabla hawajajua.» Kwa maneno hayo mawili tu waweza kuwatofautisha.

Neno moja pia kwa mnunuzi mwenye fedha wakati wa mashaka. Jamaa iliyokimbia risasi ikifika mjini, ikataka kuuza iliyo nayo kwa robo ya bei ili watoto wale, usifurahi kwa haraka. Bei ya namna hiyo ina machozi ndani yake, nayo hurudi siku moja kwa njia ya mahakama au ya chuki. Mpe bei ya haki, au mpangie nyumba mpaka amani irudi. Jirani aliyekuuzia kwa haki atakuwa shahidi wako. Aliyekuuzia kwa njaa atakuwa mdai wako.

UKIISHA KUDANGANYWA

Usinyamaze kwa aibu, maana aibu ni ya mwizi. Siku hiyo hiyo kusanya risiti, namba za simu, majina ya mashahidi. Nenda kwa shefu wa mtaa, na kwa polisi wa uchunguzi au kwa mwendesha mashtaka. Kuuza nyumba isiyo yako ni kosa la jinai katika sheria ya Kongo. Kifaransa cha mahakamani huliita stellionat. Umwone wakili, na kama huna fedha, uliza juu ya msaada wa sheria. Lakini usiende na vijana wenye fimbo kubomoa ua. Mji wetu umekwisha onja matunda ya fimbo.

KIJANA WA SHULE, NENO LAKO

Karatasi hizi zote zimeandikwa kwa Kifaransa, na wazazi wengi walijenga mji huu bila kukisoma. Wewe uliyefundishwa kusoma kwa jasho lao, hii ndiyo siku ya kuwalipa. Baba aitwapo kutia sahihi, omba ruhusa uisome karatasi kwa sauti, neno kwa neno, kwa lugha aijuayo. Tazama: jina la muuzaji ni lile lile la kwenye cheti? Namba ya parseli ni ile ile? Bei imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na zapatana? Tarehe iko? Kila ukurasa umetiwa sahihi? Usipoelewa neno, useme: «Papa, tungoje kesho, nimwulize mwalimu.» Hakuna atakayekuona mjinga ila yule aliyetaka msielewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Uwe daftari la nyumba yenu.

Turudi basi kwa mwalimu na mkewe. Tuseme, baada ya kuhangaika ofisini na mahakamani, walirudishiwa dola 700 tu kati ya zile 2,000. Walikaa tena miaka mitatu katika nyumba ya kupanga. Mara ya pili hawakungoja hodi. Mke aliuliza wenzake wa sokoni ni komisyonere gani aliyewatafutia bila kuwaumiza; watatu wakataja mtu mmoja, mzee mkimya, hana viatu vya kung’aa. Siku ya kwanza mzee aliwaambia: «Nyumba niliyo nayo ni ndogo, na ua wa nyuma una maneno na jirani. Njoni mchana, tuongee naye kwanza.»

Walikwenda mchana. Walizungumza na jirani, wakapima ua, wakalimaliza neno lile mbele ya shefu kabla ya kutoa senti moja. Walikwenda kwa Konservatere mara nne, na mara ya tano walirudi na karatasi yenye jina la mume na la mke. Nyumba ni ndogo kweli, vyumba vitatu tu. Lakini usiku mvua ikinyesha juu ya mabati, hakuna anayeamka kusikiliza kama kuna mtu abishaye hodi kuwadai.